Vibanda vya gemu: Tuvifunge, au tuwafunze wanaovijaza?



Ndugu msomaji, yapo maneno yanayosikika sana katika mabaraza yetu hapa Mwanza, hasa baada ya swala ya Magharibi watu wanapokaa kusubiri Isha. Maneno yenyewe ni kwamba vibanda vya gemu vifungwe. Ukipita Kirumba, Mabatini, Igoma au Buzuruga wakati wa jioni utaelewa maneno haya yanatoka wapi. Utakuta chumba kimoja cha mabati, runinga mbili au tatu, pedi zilizofungwa kwa selotepu, na watoto wamebanana humo kama dagaa kwenye gunia. Wengine bado wana sare za shule. Wengine wana juzuu kwapani, maana nyumbani wameaga kwamba wanakwenda madrasa.

Wazazi wanaotaka vibanda vifungwe wana uchungu wa haki, na mimi siwabezi. Mama anayeshinda Mwaloni tangu alfajiri akiuza samaki hana wa kumchungia mwanawe. Anaporudi jioni na kuambiwa kwamba mtoto hajaonekana chuoni wiki nzima, usitegemee aanze kukuuliza kuhusu faida za gemu. Hata hivyo, jambo likiwa zito ndipo linapohitaji kupimwa, tusije tukachoma nyumba kwa ajili ya panya. Naomba tulipime pamoja, kwa mizani ya dini yetu na kwa yale ambayo dunia imekwisha kuyajua.

Kwanza, nini hukumu ya mchezo? Wanafunzi wa fiqhi wanaifahamu kanuni kwamba asili ya mambo ya kidunia ni kuruhusiwa mpaka ije dalili ya kuyakataza. Na Mtume wetu Muhammad (s.a.w.) hakuwa mtu wa kukunja uso mbele ya mchezo. Imepokewa na Bukhari kwamba Wahabeshi walicheza kwa mikuki yao msikitini siku ya Iddi, na Bi Aisha (r.a.) akasimama nyuma ya Mtume akitazama mpaka akatosheka mwenyewe. Abu Daud amepokea kwamba Mtume alishindana mbio na mkewe huyo. Amepokea pia kwamba Bi Aisha alikuwa na vitu vyake vya kuchezea, na miongoni mwavyo alikuwemo farasi mwenye mbawa. Mtume alipouliza kuhusu farasi huyo na kupewa jibu la kitoto, alicheka. Hakumnyang'anya.

Hebu tuitafakari habari hiyo ya farasi mwenye mbawa. Ni mnyama ambaye hayupo malishoni, ni wa kufikirika. Basi anayesema kwamba kila kinachosimulia nguvu zisizo za kawaida ni batili moja kwa moja, na aitazame tena habari hii kabla ya kupitisha hukumu.

Pili, je, zipo faida zinazojulikana? Zipo. Mwaka 2003 watafiti Green na Bavelier wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, walichapisha katika jarida la Nature matokeo yaliyoonesha kwamba wachezaji wa gemu za mapambano wanakuwa wepesi zaidi wa kugawa macho na akili yao kwa vitu vingi kwa wakati mmoja. Zaidi ya hapo, wasiocheza walipofunzwa kwa gemu hizo nao wakapata wepesi huo. Mwaka 2007 ukachapishwa utafiti kuhusu madaktari wa upasuaji wa kutumia kamera na tundu dogo. Wale waliowahi kucheza gemu zaidi ya saa 3 kwa wiki walifanya makosa pungufu kwa asilimia 37 katika mazoezi ya kazi hiyo, na walikuwa na kasi zaidi kwa asilimia 27. Sisemi kwamba kijana wa Mabatini akishinda kibandani ataamka daktari wa Bugando. Nasema kwamba mkono na jicho vinajifunza kitu, na anayesema hakuna kabisa hajatazama.

Na kwa nini twende Marekani? Hapa hapa kwetu, mkoani Tanga, kuanzia mwishoni mwa mwaka 2017 watoto wapatao 3,000 katika vijiji 170 walipewa kompyuta bapa zenye masomo ya Kiswahili ya kusoma, kuandika na kuhesabu, yaliyotengenezwa kwa sura ya michezo. Yalikuwa ni mashindano ya kimataifa ya XPRIZE, yaliyoendeshwa kwa ushirikiano na UNESCO, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani na serikali yetu. Wengi wa watoto hao hawakuwahi kukanyaga shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 ya kujifunza kwa kucheza, bila mwalimu darasani, idadi ya wasioweza kusoma ilishuka kwa kiasi kikubwa. Mwaka 2019 washindi wawili, Kitkit School na onebillion, wakagawana zawadi ya dola milioni 10. Kumbe mtoto wa Kitanzania anaweza kufundishwa na mchezo, na mchezo wenyewe ukiwa kwa lugha yake.

Lakini kinachofundisha mema kinaweza kufundisha na mabaya, tena kwa nguvu ile ile. Tarehe 4 Julai 2002 Jeshi la Marekani lilitoa gemu yake lenyewe, America's Army, likaigawa bure kwenye intaneti ili kuwavutia vijana wajiunge na jeshi hilo. Gemu hiyo iliendelea mpaka ilipofungwa mwaka 2022. Jeshi haligawi mchezo wa bure kwa miaka 20 kwa sababu ya ukarimu. Waislamu wa Damascus waliliona hilo mapema, na karibu na wakati huo huo shirika la uchapishaji la Dar al-Fikr likatoa gemu iitwayo Under Ash, ambayo ndani yake kijana wa Kipalestina ndiye mhusika mkuu, wala si shabaha ya kulengwa. Hawa hawakusema "tuwafungie watoto runinga". Walisema "tuingie uwanjani".

Na madhara ya kupitiliza nayo ni ya kweli. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilipitisha orodha mpya ya maradhi, iliyoanza kutumika Januari 2022, na ndani yake umo uraibu wa gemu, yaani hali ya mtu kushindwa kujizuia mpaka mchezo unatangulia mbele ya kila kitu katika maisha yake. Sisi Waislamu tulipaswa kuwa wa kwanza kulielewa hilo, kwa sababu kipimo chetu tunacho mara tano kwa siku. Kinachokuzuia usiitikie adhana ndicho kinachokumiliki. Ila tuwe waadilifu: kipimo hicho ni cha wote. Mzee anayecheza bao mpaka Alasiri inampita, na baba anayetazama ligi ya Uingereza mpaka Isha inakuwa ya usiku wa manane, wana ugonjwa mmoja na mtoto wa kibandani. Tofauti ni kwamba mtoto hana wa kumsemea.

Lipo jambo jingine ambalo katika kelele zote hizi sijasikia likitajwa, nalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Kaa kibandani nusu saa usikilize. Watoto wawili wanakaa kucheza mpira wa kwenye runinga, na kabla ya kuanza wanakubaliana kwamba atakayefungwa ndiye atakayelipa. Wakati mwingine wanaongeza sarafu juu yake. Ndugu yangu Muislamu, hiyo si mchezo tena. Kila mmoja anaingia akiwa hajui atatoka amepata au amepoteza mali kwa mwenzake, na wanazuoni wengi wanaliingiza hilo katika kamari, ile iliyokatazwa katika Suratul Maidah pamoja na ulevi. Mtoto aliyezoea hivyo akiwa na miaka 9, akifika 19 hatashangazwa na madubwi wala mikeka ya kubashiri mechi. Njia ameshaijua, amebadilisha kiti tu. Hapa ndipo penye moto. Na dawa yake haihitaji kuvunja kibanda. Inahitaji kila mchezaji alipie zamu yake kabla ya kukaa, na mwenye kibanda ajue kwa nini.

Sasa nije kwenye gemu za mashujaa wenye nguvu za ajabu, ambazo ndizo zinazowakera wengi. Wapo masheikh wanaosema kwamba mtu anayeruka angani na kuinua magari ni ushirikina mtupu. Naheshimu ghera yao juu ya tauhidi. Lakini hadithi za majabari hazikuletwa na umeme. Mwaka 1913 Muhammad bin Abubakar Kijumwa wa Lamu, Muislamu na mwandishi mashuhuri, aliandika utenzi wa Fumo Liyongo, mtu ambaye hakudhurika kwa silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba kitovuni. Na kabla yake pwani yetu ilijaa tenzi za vita zilizowasifu mashujaa kupita mipaka ya kawaida. Huku kwetu Usukumani watoto walisimuliwa habari za Masala Kulangwa, kijana aliyeliua lile jitu Shing'weng'we lililomeza watu wote na mifugo yao, akalipasua tumbo wakatoka. Hakuna bibi wa Kisukuma aliyekusudia mjukuu wake amwabudu Masala Kulangwa. Alikusudia ajue kwamba mdogo mwenye akili anaweza kuwakomboa wengi.

Kwa hiyo tusiishie kuuliza kama shujaa ana nguvu za ajabu au hana. Tuulize nguvu hizo anazifanyia nini. Na hapo ndipo historia ya gemu hizi inapovutia, kwa sababu zimebadilika sana. Gemu ya Superman ya mwaka 1979, katika mashine za Atari, ilikuwa vibonge vya rangi tu: kusanya vipande vya daraja lililovunjwa, kamata wahalifu, rudi kazini. Ile ya Spider-Man ya mwaka 1982 ilikuwa ni kupanda jengo. Miaka ya 1990 zikaja za ngumi. Gemu ya X-Men ya mwaka 1992 iliruhusu mpaka watu sita wasimame kwenye mashine moja wakipiga kila kinachowajia. Shujaa hapo ni ngumi yenye jina. Mwaka 2004 gemu ya Spider-Man 2 ikamwachia mchezaji mji mzima azunguke apendavyo, na katika kuzunguka akawa anasikia watu wakiomba msaada. Mwaka 2009 ikaja Batman: Arkham Asylum, ambayo ndani yake shujaa anapigana sana lakini haui.

Mwaka huo huo wa 2009 ikatoka nyingine, inFamous, ambayo ilimpa mchezaji nguvu kisha ikamuuliza atazitumiaje. Mji una njaa, chakula cha msaada kimedondoshwa, na watu wanakikimbilia. Je, uwaachie wale, au uwafukuze kwa nguvu zako ujichukulie wewe na rafiki zako? Kila uamuzi unahesabiwa, wema upande mmoja na uovu upande wa pili. Mtu anaweza kusema: tazama, hata hao wameelewa kwamba kuna kuandikiwa! Ni kweli, lakini ipo kasoro ambayo mzazi Muislamu anatakiwa kumwonesha mwanawe. Katika gemu mtu anatenda wema ili zile alama zipande na apate nguvu zaidi. Anayefanya hivyo katika maisha tunaliita jambo lake riya. Mashine inahesabu kitendo, haioni nia. Mola wetu anaiona nia kabla ya kitendo. Somo hilo mtoto analielewa haraka ukimweleza akiwa ameshika pedi, pengine haraka kuliko ukimwandikia ubaoni.

Mwaka 2018 gemu ya Marvel's Spider-Man ikafika mbali zaidi. Shujaa huyo ana shangazi aliyemlea, na shangazi huyo anahudumia watu wasio na makazi. Maradhi yanauvamia mji, shangazi anaugua, na dawa iliyopo mkononi ni ndogo: kumtibu yeye ni kuikosesha chimbuko dawa ya maelfu. Kijana analia, kisha anawaachia maelfu. Wanafunzi wa usuli watalitambua hapo swali la maslaha ya wengi mbele ya maslaha ya mmoja. Nilimsikia kijana mmoja wa mtaani kwetu akibishana na mwenzake kama yule alifanya sawa, na mjadala ule ungeweza kukaa darsani bila aibu. Mwaka 2020, katika gemu ya Marvel's Avengers, mhusika mkuu alikuwa Kamala Khan, binti Muislamu wa asili ya Pakistani, aliyeanzia katika vitabu vya katuni vilivyoandikwa na G. Willow Wilson, mwanamke wa Kimarekani aliyesilimu. Sisemi kwamba mavazi na mwenendo wa binti yule ndiyo kielelezo cha mabinti zetu. Nasema kwamba milango ile iliyokuwa ikimpitisha Muislamu kama adui tu imeanza kumpitisha kama mwenye kuokoa, na hilo limekuja kwa sababu Muislamu alikaa mezani akaandika.

Kipimo cha shujaa sisi tunacho, wala hatukuazima. Katika Suratul Kahf tunasoma habari za Dhulqarnain, mtu aliyepewa uwezo mkubwa katika ardhi. Watu dhaifu walimwomba awajengee kizuizi dhidi ya Yajuj na Majuj, wakajitolea kumlipa. Hakutaka malipo yao. Aliwataka wamsaidie kwa nguvu zao wenyewe, na kazi ilipokwisha hakujisifu, alisema ni rehema ya Mola wake. Yote yamo humo: nguvu ni amana, msaada hauuzwi, anayesaidiwa anashirikishwa, na sifa inarudi kwa mwenyewe Allah (s.w.). Na Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba mwenye nguvu hasa si mwangushaji wa watu katika mieleka, bali ni yule anayeimiliki nafsi yake anapoghadhibika. Shujaa wa gemu akipimwa kwa vipimo hivi, kuna atakapofaulu na kuna atakapoanguka. Mtoto akifundishwa kupima, hatuna haja ya kuwa na hofu na kila anachokiona.

Na kwa upande wa ziwa letu, hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air iliyokuwa na watu 43 ilianguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba. Watu 19 walifariki dunia na 24 wakaokolewa. Miongoni mwa waliofika mapema walikuwa wavuvi na mitumbwi yao, na jina la kijana mmoja wao, Majaliwa Jackson, likajulikana nchi nzima. Hakuwa na vazi la ajabu wala uwezo wa kuruka. Alikuwa na kasia, pumzi na moyo. Sisi wa pwani ya ziwa hili, ambao tarehe 21 Mei 1996 tulizamiwa na MV Bukoba na mamia ya watu wetu, na tarehe 20 Septemba 2018 tukazamiwa na MV Nyerere pale Ukara, tunajua thamani ya mtu anayekimbilia kwenye maji wakati wengine wanayakimbia.

Hapo ndipo mpaka wa gemu ulipo, na mtoto auambiwe wazi. Katika gemu steringi akifa anarudi; ana maisha matatu, na yakimwisha anaanza upya. Ziwani mtu ana maisha moja. Kibandani ushujaa ni kubonyeza kitufe kwa wakati. Nje ni kuhatarisha kitu chako kwa ajili ya mtu usiyemjua. Gemu inaweza kumpa mtoto hamu ya kuokoa, na hamu ni mwanzo mzuri. Lakini haiwezi kumfundisha kuogelea. Asipopata wa kumtoa kwenye hamu na kumpeleka kwenye kazi, atazeeka akiwaokoa watu wasiokuwepo.

Basi tufanye nini? Nina mapendekezo manne. La kwanza, wazee wa mitaa na walimu wa madrasa wakae na wenye vibanda, wengi wao ni vijana wetu wenyewe, wakubaliane: kibanda kifungwe saa za shule, saa za chuo na nyakati za swala. La pili, marufuku ya anayefungwa kulipa. Kila mmoja alipie zamu yake. La tatu, mzazi aingie kibandani. Ndiyo, avue viatu aingie, akae, aulize mwanawe anacheza nini na huyo shujaa wake kafanya nini. Mtoto anayejua kwamba baba atauliza anachagua tofauti. La nne, na hili ni la vijana wetu waliosoma kompyuta: tengenezeni. Masala Kulangwa anasubiri, Liyongo anasubiri, na mvuvi wa Bukoba anayepiga kasia kuelekea ndege inayozama anasubiri. Kama wa Tanga walifundishwa kusoma kwa mchezo wa Kiswahili, wa Mwanza watashindwaje kufundishwa uaminifu kwa mchezo wa Kiswahili?

Atakayesema kwamba kufunga ni rahisi zaidi, nakubaliana naye. Ni rahisi kweli. Lakini gemu zimo sasa ndani ya simu, na simu imo mfukoni mwa kila mtu, wala kufuli la kibanda halifiki mfukoni. Mtoto tuliyemfungia mlango bila kumpa kipimo atabeba kibanda chake mwenyewe mpaka kitandani, na huko hatakuwepo mwenye kibanda wala jirani wa kumwambia kwamba imeadhiniwa.

Wallahu a'alam. Wabillahi tawfiq.